Sahani Isirudi Tupu

Akina mama wenzetu, hapa Tanga tunakoishi sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ikija na sambusa wakati wa futari, itarudi na maandazi, au na maembe mawili kama ndiyo yaliyopo nyumbani. Mtaa wetu una nyumba za Kikristo na za Kiislamu, na zipo zilizochanganyika ndani kwa ndani, shangazi anakwenda kanisani na mpwa wake msikitini. Sahani zetu zimepita juu ya michongoma kwa miaka mingi, na watoto wetu ndio matarishi.

Wali ukiletewa unauona. Mchuzi unauona, na ukitia shaka unaukoroga kwa kijiko. Lakini sambusa imefungwa. Huwezi kujua kilichomo mpaka umeiuma, na ukishaiuma umeshakula. Kwa hiyo mtu anayekula sambusa ya jirani anakula kwa kumwamini aliyeikunja.

Jambo hilo hatukulifikiria mpaka mwaka 2013. Mnakumbuka mwezi wa Februari mwaka ule, kule Geita, ubishi wa nani achinje nyama ya kuuzwa ulifikia kumwaga damu. Geita ni mbali na Tanga, lakini maneno hayahitaji nauli. Pasaka ilipofika tulipeleka sahani kama kawaida, na moja ikarudi vile vile, imefunikwa na kitambaa chake, hakuna hata sambusa moja iliyopungua. Mtoto aliyeirudisha alisema tu, baba amesema asanteni.

Tuliumia, tena sana. Waume zetu wawili walisema basi, kila nyumba ile chake, na hatuwalaumu, maana kukataliwa chakula ni kukataliwa mwenyewe. Lakini tulipokaa sita kwenye mkeka tukaona kwamba ubishi huo ukishaingia jikoni utaingia kisimani, shuleni na msibani. Mtaani kwetu, mtu akifiwa, majirani wa dini zote mbili ndio wanaosonga ugali wa matanga. Nani angetusongea?

Basi tulikwenda kwa Bi Mkubwa wa nyumba ya kona, ambaye ametukaribisha wengi wetu mtaani tukiwa maharusi. Alitusikiliza, akatuuliza swali moja: yule kijana aliyerudisha sahani, angejuaje nyama ile imetoka wapi? Alisema hakuna anayetilia shaka mioyo yenu, wanatilia shaka sufuria. Na kweli baadhi ya nyumba zetu hupika kitimoto, hatuna haja ya kuficha, ni chakula chetu. Tukakubaliana palepale kwamba nyama ya sahani za majirani itoke kwa mchinjaji wa sokoni anayejulikana na wote, na kikaango na mafuta yake viwe vya kazi hiyo tu. Siku ya kwanza tulipikia uani kwake, mbele ya macho ya kila apitaye. Yule kijana hakula siku ile. Alikula Idi ilipofika, mwezi wa Agosti, na hakuna aliyemtania.

Baadhi ya watu kanisani walituuliza kama huko si kujishusha. Tunamjibu kila anayeuliza asome barua ya kwanza ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 10. Wakorintho nao walikuwa na ugomvi wa nyama ya sokoni, na Paulo hakuishia kwenye haki ya anayekula. Aliwataka waangalie pia dhamiri ya mwenzao aliyeketi mezani.

Tangu hapo tukawa na Jumamosi moja kila mwezi ya kupika pamoja. Sambusa ndiyo ilianza, kwa kuwa ni ya wote. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, katika masimulizi ya safari yake ya India alitaja vitafunio vya mkate mwembamba vilivyofungiwa nyama ya kusaga, lozi, vitunguu na viungo. Jina alilolitaja linafanana sana na letu. Bi Mkubwa hakuhitaji Ibn Battuta kutufundisha. Nyama ikaushwe mpaka maji yaishe kabisa, kwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili. Vitunguu vibichi na majani ya giligilani vitiwe nyama ikishapoa, la sivyo vinatoa maji na manda inachanika. Manda zipakwe mafuta, zipangwe nne nne, zisukumwe pamoja, zipitishwe kidogo kwenye chuma cha chapati na kubanduliwa zingali moto. Mafuta ya kukaangia yasiwe makali. Sambusa yenye malengelenge imeingia kwenye mafuta ya mtu mwenye haraka.

Baada ya miezi mitatu minne ya sambusa, mwenzetu ambaye mama yake alilelewa ng'ambo ya Ruvuma alituambia kwamba Msumbiji nao wanazo, wanaziita chamuças, jina lililopita kwa Wareno na Wagoa. Hapo ndipo hamu ilipotushika. Kumbe dunia nzima inafunga kitoweo ndani ya unga! Tukaanza kutafuta.

Empanada za Argentina tulizipata kwa mwenzetu aliyewahi kupika katika nyumba ya familia ya huko, Dar es Salaam. Duara la unga hukunjwa kuwa nusu mwezi, ndani kuna nyama, vitunguu, binzari nyembamba, yai la kuchemsha na zeituni. Zeituni ni ghali, tuliziacha. Lakini kilichotufanya tuweke chini vijiko na kusikiliza ni habari ya kingo. Huko Argentina kingo husokotwa kwa mtindo mmoja kwa nyama, mwingine kwa kuku, mwingine kwa jibini, ili mtu ajue kilichomo kabla ya kuuma. Tuliangaliana. Hicho ndicho tulichokuwa tukikitafuta tangu ile Pasaka.

Ndugu wa mmoja wetu ameolewa Uingereza, naye akatuandikia kuhusu pasti za Cornwall, chakula kilichojulikana sana kwa wachimba madini wa bati na shaba. Humo nyama hukatwa vipande vidogo, na huingia mbichi pamoja na viazi, vitunguu na aina ya mzizi mtamu ambao sokoni kwetu haupo. Tukatia karoti, ingawa tumeambiwa Mcornwall akiona karoti anageuza uso. Tangu mwaka 2011 jina la pasti hizo limelindwa kisheria katika Ulaya, na lazima zitengenezwe Cornwall kwenyewe, kwa hiyo zetu ni pasti za Tanga. Unga wake zamani ulikandwa kwa mafuta ya nguruwe; sisi tulitumia Blue Band. Oveni hatuna, tulioka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, kwa muda wa saa nzima, kwa kuwa nyama imeingia mbichi. Husimuliwa kwamba akina mama wa kule walikuwa wakiandika herufi za jina la mume kwenye pembe ya pasti, ili asiyemaliza asubuhi aitambue yake mchana. Mmoja wetu alimwandikia mumewe. Mzee yule, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliila akianzia pembe ya pili na kuibakiza herufi mpaka mwisho.

Basi sasa mtaa wetu una alama zake. Kingo zilizosokotwa kama ukili ni nyama ya ng'ombe. Zilizobanwa kwa uma ni viazi au dengu, hazina nyama kabisa. Zenye tundu mbili juu zina samaki. Pilipili kali ina alama ya msalaba wa kisu. Bi Mkubwa alicheka alipouona, akasema msalaba huo haumtishi, kinachomtisha ni pilipili. Watoto wanazijua alama zote, na mgeni akihamia mtaani wao ndio wanaomfundisha.

Tusidanganyane kwamba kila nyumba inashiriki. Ziko mbili zisizopokea mpaka leo, moja ya kwao na moja ya kwetu, na tunazisalimia kama kawaida. Gharama nazo zipo: kilo moja ya nyama iliyogawanywa vizuri, ikiongezewa viazi, hutosha manda arobaini hadi hamsini, na tunachanga kila mtu kwa uwezo wake. Aliyeishiwa huleta mkaa au mikono. Mwaka jana mwenzetu ambaye mumewe alipunguzwa kazini alileta mikono kwa miezi saba, na sahani yake ilitoka imejaa kama zetu.

Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilipishana kwa siku chache tu. Sisi tulikuwa tumejinyima nyama, wao wanafuturu jioni, na tukahitaji kitu ambacho nyumba zote zingekula bila kuuliza. Mmoja wetu alikuwa amesoma kuhusu piroshki za Warusi, ambao katika mfungo wao hujaza kabichi au uyoga ndani ya unga ulioumuliwa kwa hamira. Kabichi ikatwe nyembamba, ikaangwe pole pole na kitunguu mpaka ilainike na kupungua nusu, ikamuliwe na kupozwa kabla ya kufungwa. Tulizibana kwa uma. Jua lilipozama zilikuwa zimekwisha, na sahani zilirudi kesho yake na tende. Bi Mkubwa ameshaagiza zake za mwaka ujao, sita, na mbili kati ya hizo ziwe na uyoga.