Katika Makorongo ya Msitu Mweusi

Msomaji akilisikia jina la Msitu Mweusi huenda akadhani ni mahali pa kutisha, nami nilidhani hivyo kabla sijafika. Schwarzwald, kama Wajerumani wanavyouita, ni nchi ya milima iliyo pembe ya kusini-magharibi ya Ujerumani, karibu na mipaka ya Ufaransa na Uswisi. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Feldberg, kina mita 1,493 tu. Kwa mtu aliyezoea kuutazama Mlima Kenya asubuhi hicho ni kilima. Weusi wake ni wa misonobari iliyosongamana hata jua la adhuhuri hufika chini vipande vipande. Nilikaa mji wa Freiburg majuma sita kwa mafunzo ya kazi, na kila Jumamosi nilitoka kwenda kutazama maji.

Nilianza na Triberg, kwa kuwa ndiko kila mgeni anakoelekezwa. Maporomoko yake hushuka jumla ya mita 163 kwa madaraja saba, na mtu hulipa kiingilio langoni kama aingiaye mbuga ya wanyama. Nakiri kwamba nilivunjika moyo kidogo. Maji yenyewe si mengi, na sisi tuna Thomson's Falls pale Nyahururu, ambayo huanguka mita 74 kwa mruko mmoja. Lakini maji hayo ya Triberg ndiyo yaliyoupa mji ule taa za umeme za barabarani mwaka 1884, miongoni mwa za kwanza katika Ujerumani nzima. Jambo hilo nililiweka moyoni, na baadaye lilinisumbua.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari moshi liendalo mashariki. Stesheni iliyo mlangoni pa milima huitwa Himmelreich, maana yake Ufalme wa Mbinguni, na likiondoka hapo gari huingia mara moja katika Höllental, yaani Bonde la Jehanamu. Shuleni kwa wamisionari tulifundishwa kwamba kati ya mahali hapo pawili kuna shimo kubwa lisilovukika. Wajerumani wamelipitishia reli. Nilishuka Hinterzarten, nikateremka kwa miguu mpaka korongo la Ravenna, ambapo reli hiyo hupita juu ya daraja la mawe lenye matao 9 na kimo cha mita 36. Chini ya matao hayo huanza kijia kinachopanda kando ya kijito, mara kwa ngazi, mara kwa vidaraja vya miti. Poromoko kubwa la huko lina mita 16, na dogo mita 6. Mawe yote yamevikwa ukoga wa kijani, na hewa ni ya baridi kama ndani ya mtungi. Katikati ya korongo kipo kinu cha zamani cha kusaga nafaka, nami nilisimama hapo kitambo. Mkulima wa milima ile hakungoja mto mkubwa: kijito ambacho mtoto aweza kukiruka kilimsagia ngano, na vingine kama hicho viliendesha misumeno ya kupasulia mbao.

Lakini mahali nilipotaka kupasimulia hasa ni korongo la Mto Wutach. Mto huu huanzia mbavuni mwa Feldberg, hupitia ziwa Titisee, na hapo hutoka kwa jina la Gutach. Mbele kidogo, ukikutana na kijito cha Haslach, huitwa Wutach, jina ambalo wengi hulifasiri kuwa maji yenye ghadhabu. Zamani maji hayo yalikwenda mashariki, yakaingia Mto Danube na kuishia Bahari Nyeusi. Yapata miaka 20,000 iliyopita, kijito kilichotelemkia upande wa Mto Rhine kwa kasi kilikula ardhi nyuma yake mpaka kikaufikia mto huu karibu na mahali paitwapo Blumberg, kikaunyang'anya. Tangu siku hizo maji yale huenda Bahari ya Kaskazini. Kwa kuwa mteremko mpya ulikuwa mkali mno, mto ulichimba ardhi kwa nguvu, na ndivyo korongo lilivyopatikana. Kwa lugha ya mahakamani ningesema ni wizi, na mali iliyoibwa haijarudishwa.

Niliingia korongoni mahali paitwapo Schattenmühle nimevaa viatu vya ofisini, kosa ambalo sitalirudia. Njia huenda kilomita kama 13, mara chini kando ya maji, mara juu ya magenge yenye kamba ya chuma ya kushikia. Njiani kijito chembamba hudondoka kutoka juu, na chokaa iliyomo majini huganda juu ya majani mpaka yakawa mawe. Mbele zaidi, siku za ukame, sehemu ya mto hupotea katika nyufa za mawe ya chokaa, kisha hutokea tena chini.

Hapo nilipumzika na mzee mmoja aliyeshinda miaka themanini, na kijana wa Freiburg niliyefuatana naye akawa mkalimani. Mzee alinieleza kwamba korongo lilihifadhiwa kwa sheria tangu 1939, lakini baadaye kampuni ya umeme ilitaka kujenga boma la kuzuia mto na kuyapeleka maji kwenye ziwa la Schluchsee. Watu wa vijiji, walimu na wenye mashamba wakapinga. Sahihi zaidi ya laki moja zilikusanywa, na mwaka 1960 shauri lile liliachwa. Yeye alikuwa mtoto, akichukua karatasi nyumba kwa nyumba.

Nilinyamaza, kwa kuwa niliikumbuka Triberg. Mimi nilisoma mtihani wangu wa mwisho kwa taa ya mafuta, na kama karatasi ile ingefika kwetu, sijui kama ningetia sahihi. Nilimwambia mzee hivyo, naye hakukasirika. Aliniuliza kama nyumbani kwetu umeme umefika siku hizi. Nikamjibu kwamba umefika. Akauliza tena, mto wetu je? Nikamweleza kuwa ule niliooga nikiwa mtoto sasa huvukwa kwa viatu vikavu mwezi wa Februari, na wala hakuna boma lililouzuia. Miti ya chanzoni ndiyo iliyokatwa.

Mzee aliinuka, akanikabidhi fimbo yake kwa sababu ya viatu vyangu, akatangulia. Tulifika Wutachmühle saa kumi na moja jioni, basi la mwisho likiwa tayari limewasha taa.