“Flock” na Mbuzi wa Ugogo

Nilipokuwa nikifundisha Kiingereza katika kijiji kimoja karibu na Dodoma, niliwakaririsha wanafunzi kwamba “herd” ni kundi la ng’ombe, na “flock” ni la kondoo, mbuzi na ndege. (Kiswahili chetu hutosheka na kundi, ijapokuwa nyuki wana bumba lao.) Mtoto mmoja mchungaji aliandika “herd” kwa mbuzi, nikamkosesha.

“Mwalimu,” akauliza, “kwetu mbuzi na ng’ombe huchungwa pamoja. Tuwaiteje?”

Sikuwa na jibu, nikamwamuru aketi.

Usiku nilifungua kamusi. Waingereza husema “flock” kwa mbuzi, na “herd” vilevile. Asubuhi nilikiri kosa langu mbele ya darasa, nikaliomba daftari lake nilisahihishe. Alikuwa amekwisha kufuta jibu lake na kuandika langu.