Lindege la Mjerumani Lililosubiriwa Newala

Wenzangu wana ugonjwa wa mpira, wengine dansi, wengine vidosho. Mimi ugonjwa wangu ni ndege za vita za zamani. Nikisikia kuna mahali bawa limeegemezwa ukutani, au propela imegeuzwa nguzo ya banda la kuku, silali.

Adimu kuliko zote ni za vita ya 1914 hadi 1918. Zilikuwa mbao na kitambaa, na kwa mchwa wetu hawa, unategemea nini? Zile ambazo Waingereza walizirusha kutoka kisiwa cha Mafia mwaka 1915, kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha Rufiji, sijawahi kuona hata msumari wake.

Lakini kuna moja inayoninyima raha kuliko hizo, na kisa chake kinaishia Newala. Nilikijua kwa vitabu. Nikataka kusikia wenyeji wanasemaje. Basi bwana, nikapanda basi mpaka Masasi, nikalala chini ya yale majabali yake, asubuhi nikadandia Noah kupanda uwanda wa Makonde. Korosho kulia, korosho kushoto, na mimi katikati nimebanwa na gunia la mtu.

Lindege lenyewe lilikuwa zepelini, L59. Chukua puto refu la gesi, lipe mifupa ya aluminiamu na injini tano, kisha livute mpaka mita 226. Viwanja viwili vya mpira, na chenji inabaki! Novemba 21, 1917 liliondoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na mzigo wa tani zipatazo 15: risasi zaidi ya 300,000, bunduki za rashasha, dawa, bendeji, mapanga, hata barua. Mwenye mzigo ni Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amebanwa na Waingereza huku kusini. Kituo cha kushukia: nyanda za Makonde.

Tiketi ilikuwa ya kwenda tu. Gesi ya kulijaza upya wangeitoa wapi, Tandahimba? Kwa hiyo mpango ulikuwa kulichinja kama ng'ombe wa harusi. Kitambaa kingekuwa mahema na nguo, injini zingefua umeme, mifupa ingekuwa mlingoti wa redio. Nawaza, leo ningekuta bibi mmoja Newala ana sufuria la aluminiamu ya zepelini, na mimi napiga magoti kumbembeleza aniuzie.

Halikufika. Lilivuka Misri, likaingia jangwani, mchana joto likilipandisha juu, usiku baridi ikilishusha nusura ligonge milima. Novemba 23, likiwa limeshapita usawa wa Khartoum, redio ikaliamuru: rudini. Wakubwa waliona Makonde imeshawaponyoka. Likageuza, likatua Jamboli Novemba 25 baada ya saa 95 hewani na kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, pale Ngomano.

Newala nikapelekwa kwa mzee mmoja, karibu na Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na unaona bonde mpaka Ruvuma. Nikamwamkia, shikamoo babu, nikamwaga hadithi yangu yote na mikono nikipima urefu wa lindege hewani. Akanisikiliza vizuri tu.

"Mjukuu wangu," akasema, "hizo risasi zote zilikuwa za kumpiga nani?"

Nikasema Waingereza.

"Na nani angezibeba?"

Hapo nikashika adabu. Wapagazi waliokufa katika vita ile, pande zote mbili, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Sisi wa Dar tunakwenda Kariakoo kununua viatu, jina lenyewe likiwa limetokana na kile kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, Carrier Corps, na hatujiulizi. Babu akanisimulia aliyoyasikia kwa bibi yake: majeshi yakipita, vihenge vinabaki vitupu. Watu wakaingia porini kuchimba ming'oko. Maji nayo yalifuatwa bondeni, na mwenye nguvu za kuyabeba alishachukuliwa kubeba mizigo ya vita.

"Kama lingefika," akasema, "bibi angechimba mpaka lini?"

Nilikuwa na orodha ya maswali kuhusu vyuma. Nikaikunja.

Yeye ndiye aliyerudi kwenye habari ya ndege. Akataka kujua liliishia wapi. Nikamwambia: Aprili 7, 1918 liliwaka moto angani, likaangukia baharini karibu na Italia. Watu wote 21 waliokuwa ndani walikufa.

Babu akatazama bondeni kidogo, kisha akauliza kama walikuwa na watoto.