Kili ya baridi Moshi mjini, ya moto Kibosho

WASHIKAJI wa Dar, bia ya Kilimanjaro tunaigida tu kwa sababu ya joto. Ukitaka kuionja, panda basi uifuate chini ya mlima wenye jina lake.

Mimi nilikwenda na msafara wa mshikaji wangu aliyekuwa anapeleka mahari Kibosho. Tuliondoka Mbezi alfajiri, Chalinze, Korogwe, Same, zaidi ya kilomita 500, mpaka kiuno kikaomba poo. Na usidanganyike na ile theluji ya kileleni, maana Moshi mjini jua lake siyo la kitoto.

Tukaingia baa. Mhudumu akaja na swali la nchi nzima: "Kaka, ya moto au ya baridi?"

Baridi, dada! Chupa ikaja inatoa jasho. Nikainamisha glasi, nikamimina taratibu. Rangi ni ya dhahabu iliyopauka, povu jeupe, harufu ya kimea kama mkate mpya. Mdomoni ni nyepesi, ina utamu kidogo wa nafaka, halafu uchungu mdogo unapita haraka na kuacha koo safi. Kilevi ni asilimia 4.5 tu. Ukiwa na kitimoto na ndizi za kuchoma, jamani, inafagia mafuta yote!

Bia hii ilitoka mwaka 1996, miaka mitatu baada ya serikali kuuza nusu ya hisa za TBL kwa kampuni ya Afrika Kusini. Jina ni la mlima, lakini usidhani kila chupa inashuka kutoka huko. Nyingine zinapikwa hapo hapo Ilala.

Kesho yake tukapanda Kibosho. Migomba kila upande, manyunyu, ubaridi wa kutafuta sweta. Tukatoa shikamoo zetu, tukashusha kreti mbili za Kili. Wazee wakashukuru, wakaziweka pembeni. Kisha mmoja akauliza kwa upole, "Na mbege iko wapi, wanangu?"

Kimya. Mshenga akaanza kukohoa. Bwana harusi alidhani kreti zimemaliza kazi, kumbe kwa Wachaga shughuli kama ile bila mbege haijaanza. Ndiyo inayopokelea mahari na ndiyo inayopatanisha waliogombana. Nilimwona mshikaji jasho linamtoka kwenye baridi ile. Bahati nzuri jirani alikuwa amepika, mshenga akatoa hela, ndoo ikaletwa. Kata ilipoanza kuzunguka ndipo maneno yakaanza.

Nami nikapewa. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi na uchungu wa magome ya msesewa. Ukifikiria vizuri, ni ndugu wa lager. Huku ulezi, kule shayiri. Huku msesewa, kule hopsi. Ila lager huchachushwa kwenye ubaridi na kulazwa wiki kadhaa mpaka itulie, wakati mbege ni ya siku chache tu, nzito, chachu, unainywa huku unaitafuna.

Jioni mahari ikiwa imepokelewa, baba mkwe akafungua Kili yake, ya moto, yaani haijawahi kuona friji. Nikasema na mimi nipe hiyo hiyo, baba. Loo! Kimea kikatokea wazi, utamu ukaongezeka, hata uchungu ukakaa kidogo ulimini. Ubaridi ukizidi huua ladha, na bia nyepesi kama hii haina ladha nyingi ya kupoteza.

"Nyie wa Dar mnakunywa barafu," mzee akacheka.

Kwa hiyo, msomaji, Moshi mjini agiza ya baridi. Ukipanda mlimani, jaribu ya moto. Na kama unakwenda ukweni, ulizia mbege kabla hujalipia kreti. Usukani mwachie asiyekunywa.

Wikiendi njema!