Miezi minane nikijidanganya na apt

Kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe. Leo naungama.

Laptopu yangu inatumia Debian, na ofisini huwa najigamba nayo. Wenzangu wakilia virusi, mimi nacheka. Kila Jumatatu nafungua terminali, naandika sudo apt update, mistari inateremka, mwisho naambiwa kuna vifurushi kadhaa vyenye matoleo mapya. Nafunga, nakwenda kunywa chai, roho kwatu. Miezi minane hiyo! (Vifurushi vya programu, jamani, si vya simu. Ingawa vya simu navyo vimo: usasishaji wa kujiendesha niliuzima kwa sababu ulikuwa unanimalizia bando.)

Juzi rafiki yangu mmoja, fundi wa mitandao, akanichungulia begani. "Mbona huviweki?" Nikamwambia si nimeshasasisha? Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe apt update haigusi programu hata moja. Inachukua tu kutoka kwenye ghala orodha mpya ya vilivyopo. Inayoshusha na kuweka ni sudo apt upgrade. Nilikuwa kama mtu anayekwenda Kariakoo kila wiki kuuliza bei ya nyanya, kisha anarudi mikono mitupu na kuinjika sufuria.

Vilikuwa vimerundikana zaidi ya 100, kerneli ikiwemo. Hapo kicheko kikaniisha. Ndani ya mashine hii kuna sauti za watu walionisimulia mambo ya kazini kwao kwa sharti nisiwataje. Mmoja niliapa mbele yake kwamba mashine yangu ni salama.

Nikajitetea na mkasa wa xz. Machi 2024 waliokimbilia upya ndio walioponzwa: matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri, na mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde tu. Rafiki yangu akanikata: sumu ile ilifika Debian ya majaribio, Debian thabiti haikuguswa. Kwenye thabiti hupewi mapya ya kuringia. Mafundi huziba tundu kwenye toleo lile lile ulilozoea. Na apt hukagua saini ya ghala kabla ya kuweka chochote, hivyo aliyebadilisha kifurushi njiani hapiti. Kwa xz saini isingefua dafu, sumu iliingia kwenye chanzo chenyewe. Hilo alikubali.

Usiku ule nikanunua bando. apt upgrade hukutajia kwanza ni megabaiti ngapi itashusha, ndipo ujibu y. Nikajibu. Nikaizima mashine na kuiwasha ili kerneli mpya ishike.

Yule niliyemwapia bado sijamwambia. Tunaonana Alhamisi.