Baba, Bedford na watu wa vyuma chakavu

Watu wana mengi ya kupitishia wakati wakishastaafu. Wako wanaofuga nyuki, wako wanaogeuka wazee wa kanisa, na wako wanaoshinda kituo cha basi wakisoma magazeti ya wenzao. Babangu mzazi, mpenzi msomaji, anafufua lori. Wala si kigari cha kupigwa rangi na kuegeshwa mbele ya nyumba siku ya Jumapili. Ni lori zima, Bedford aina ya TK, la mwaka 1978, ambalo likiwa tupu lina takriban tani tatu. Limesimama katika boma letu la Kiogoro, nje kidogo ya mji wa Kisii, baina ya migomba na mparachichi.

Wasomaji vijana huenda hawajui Bedford ni kitu gani, maana barabarani siku hizi ni Isuzu, Fuso na Mercedes. Malori hayo yalianza kutengenezwa na kampuni ya Vauxhall kule Uingereza mwaka 1931. TK yenyewe ilitoka mnamo 1960 hivi, na katika miaka ya 1970 na 1980 hukuweza kutembea maili mbili humu nchini bila kupishana nayo. Iliunganishwa papa hapa Nairobi katika kiwanda cha General Motors, kilichoanzishwa 1975 na ambacho tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Ilibeba majani ya chai, saruji, kreti za soda, askari na wanafunzi waliokuwa wakienda kwenye tamasha za muziki. Utaitambua kwa kitu kimoja: injini haiko mbele wala haifunuliwi kwa kuinua kebini. Imekaa nyuma ya viti, nawe unaifikia kwa kufungua vijilango viwili vya pembeni, nyuma ya milango ya dereva na taniboi. Baba husema aliyebuni hivyo alikuwa amewahi kutengeneza lori kwenye mvua.

Alilijua lori hili akiwa taniboi, kisha dereva, katika kampuni moja ya uchukuzi ambayo sasa haipo. Njaa ya mwaka 1984 ilipokuja, akawa akibeba mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, yale ambayo waliokuwa watu wazima wakati huo hawataki hata kuyasikia yakitajwa. Mwaka 1987 kampuni ikauza malori yake makuukuu, naye akachukua mkopo wa chama cha akiba na kulinunua. Kwa miaka kumi na saba akapeleka ndizi za Kisii hadi Nairobi kupitia Kericho na Nakuru, akirudi na mabati, sukari au chochote kilichopatikana. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilimkuta barabarani na ndizi zikamwivia kwenye tope. Sisi watoto watano tulisomeshwa na lori hilo, pamoja na mimi niliyekwenda kusomea uandishi wa habari.

Mwaka 2004 kichwa cha injini kilipasuka. Spea zilikuwa zimeadimika, kwani kule Uingereza General Motors waliiuza biashara ya malori ya Bedford mwaka 1987, na kampuni iliyoichukua ikafilisika 1992. Baba akalisukuma hadi chini ya mparachichi, akafunga milango, akageukia shamba. Kuku wakataga kwenye kiti cha taniboi. Sisi tukaoa na kuolewa.

Basi kwa nini leo? Chanzo ni watu wa vyuma chakavu. Mtu yeyote mwenye kwao mashambani anawajua: vijana wenye mikokoteni au pikapu, wanaoita kwa kipaza sauti wakitaka betri mbovu, sufuria zilizotoboka na mabati. Walianza kumtembelea Baba mapema. Kisha Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuangushwa na nchi kutumbukia gizani, serikali ikapiga marufuku biashara hiyo kwa miezi kadhaa. Marufuku ilipoondolewa Mei mwaka huohuo, mmoja wao alirudi na ahadi ya shilingi 95,000, pesa taslimu, na mtungi wa gesi wa kulikatakata papo hapo.

"Mzee, hili limekufa. Hata wewe unajua," kijana alimwambia kwa adabu.

Baba akamwomba ampe siku mbili afikirie. Siku ya pili akaenda mjini Kisii, akarudi na lita ishirini za dizeli na lita tano za oili. Jibu la kijana likawa hilo.

Injini iliyolala miaka kumi na minane haiwashwi kwa ufunguo. Pistoni zilikuwa zimegandana na mitungi kwa kutu, na mtu mwenye haraka angetia nguvu akavunja ringi zote. Baba alichanganya dizeli na oili, akamimina katika kila mtungi, yote sita, akaacha. Kila asubuhi baada ya chai alikwenda na mtaimbo kujaribu gurudumu la injini, akarudi. Mtaimbo haukusogea wiki ya kwanza wala ya pili. Katika wiki ya tatu likasogea kiasi cha unene wa ukucha, naye akanipigia simu Nairobi saa kumi na mbili asubuhi kunieleza. Nilidhani kuna msiba.

Tangu hapo nimekuwa nikienda karibu kila mwezi, mara nyingi pamoja na mwanangu aliye darasa la sita. Kazi yetu ni kuosha boliti kwa mafuta taa na kuzipanga katika mikebe ya Blue Band. Lori hili ni la Kiingereza cha zamani na boliti zake ni za inchi, hali sanduku la fundi wa siku hizi limejaa spana za milimita. Ukilazimisha ya milimita, unalainisha pembe za nati na umejiharibia siku nzima. Babu mtu alimkalisha mjukuu wake juu ya tairi akamwuliza ipi kubwa, spana ya 1/2 au ya 9/16. Mtoto akajibu 1/2, kwa sababu 16 ni nambari kubwa na kwa hivyo vipande vyake ni vidogo. Aliambiwa azijaribu zote mbili kwenye nati moja. Mwalimu wake wa hesabu hajalalamika tena kuhusu sehemu.

Kijana mmoja wa jirani aliyemaliza chuo cha ufundi alikuja kutazama siku moja, akawa hakosi. Chuoni alifundishwa injini za kompyuta, hajawahi kuona inayoendeshwa kwa mafuta na hewa tu. Ndiye aliyechomelea sakafu ya kebini, iliyokuwa imeliwa na kutu hadi unaona nyasi. Kichwa cha injini tulikipata Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, baada ya kuzunguka maduka manne na kuchekwa katika matatu. Gasketi nyingine Baba anazikata mwenyewe kwa karatasi ngumu, akiigonga kwa nyundo ndogo ukingoni mwa chuma mpaka umbo lijichore.

Naomba niseme jambo hapa kwa wenye hamu ya kujaribu, maana si mchezo wote. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa upepo wala mdomo. Vipande vya miaka ile vilikuwa na asbestosi, na vumbi lake huua mapafu polepole. Loweshe kwa maji, lifute kwa kitambaa, ukitupe. Na magurudumu ya malori haya yana ringi ya chuma inayoshikilia tairi. Ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo huruka kama bomu, na mafundi wamekufa hivyo. Baba hulifunga gurudumu kwa mnyororo mnene, hujaza akiwa amesimama kando, na watoto hufukuzwa hadi jikoni.

Kwingineko mambo haya yana vyama. Kule Uingereza kimekuwako tangu 1958 chama cha wapenda magari ya kibiashara ya kale, na tangu 1962 malori yao hufanya msafara kutoka London hadi Brighton, watu wakipanga foleni barabarani kuyashangilia. Pakistan Bedford hazijawa kumbukumbu hata kidogo: zinabeba mizigo hadi leo, zimechorwa maua na ndege toka taa hadi mkia. Hapa kwetu tuna maonyesho ya magari ya fahari ya Nairobi yaliyoanza 1970, lakini ni ya magari madogo na pikipiki, na wenye kuyaleta si madereva waliostaafu. Garimoshi zetu za mvuke zina Makumbusho ya Reli tangu 1971. Lori ndilo mtoto wa kambo. Fikiria tu Zambia baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965: mafuta yake yalifika kwa malori, Fiat 682 zikiwa mbele, kutoka Dar es Salaam kwa barabara mbaya hata ikapewa jina la Jehanamu. Lililofanya kazi ya namna hiyo aghalabu huishia kwenye tanuri na kutoka likiwa nondo.

Haya yote ningeweza kuyaandika kwa furaha isingalikuwa Mama.

Sisi Wakisii tuna ajabu moja inayowachekesha Waswahili: mama tunamwita "baba", na baba ni "tata". Kwa hiyo nikisema kwa Kikisii kwamba "baba" alikataa, aliyekataa ni Mama. Na alikataa kweli. Kutengeneza pampu ya dizeli kulimeza shilingi 28,000, nazo zilitoka kwenye bonasi ya majani ya chai, ambayo yeye ndiye aliyeyachuma. Kaka yangu naye alikuwa na hesabu zake. Mji wa Kisii unapanuka kuja upande wetu, na mahali lilipo lori pangetosha vyumba vinne vya kupangisha. Mtoto wake wa kwanza anaingia chuo kikuu. Sikuona kosa katika hesabu hizo, na sioni mpaka sasa.

Tukaitwa nyumbani Desemba. Kaka alisema yake, mimi nikatetea lori kwa maneno mazuri ya mtu anayelala Nairobi. Mama alingoja tumalize. Kisha akasema, akimtazama Baba peke yake:

"Lori hili lilinichukulia mume miaka kumi na saba. Watoto hawa niliwazaa wewe uko Nakuru. Likafa, nikasema sasa nitakaa na mtu. Sasa limekufa na bado linakuchukua."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu. Katika miaka yangu yote nilikuwa nikilihesabu lori hilo kwa karo za shule. Yeye alikuwa akilihesabu kwa usiku.

Baba hakujitetea. Siku iliyofuata alikwenda kwa lori kama kawaida, na saa kumi jioni akafunga sanduku la spana, akanawa kwa sabuni na mchanga, akarudi. Akafanya hivyo kesho yake na kesho kutwa. Pasaka nilipokwenda nilikuta kiti cha Mama chini ya mparachichi, hatua tano kutoka kwenye injini, yeye akichambua mboga za chinsaga na kumwambia kijana wa jirani kwamba rangi ile si yenyewe, lori lilikuwa la samawati iliyokoza kuliko hiyo. Ilibidi waikwangue kwa msasa upya. Alikuwa sahihi, kwani chini ya nambari ya gari, ile ya zamani ya kabla ya KAA, tulikuta rangi ya kwanza imejificha.

Kuhusu vyumba, walielewana kwamba kaka ajenge viwili upande wa barabara, na lori lisogezwe. Kusogezwa kukamaanisha liwake. Jumamosi moja ya Juni kijana akakaza mirija, akapiga pampu ya mkono kutoa upepo kwenye mfumo wa dizeli mpaka mapovu yakaisha, Baba akapanda kebini akiwa na kofia yake ya kazi. Mara ya kwanza lilikohoa. Mara ya pili likakohoa na kutoa moshi mweupe. Mara ya tatu likashika, kuku wakatawanyika, na sauti ile nzito ikatingisha madirisha ya jikoni. Niliposikia gia ya kwanza ikiingia nilikuwa na umri wa miaka saba tena. Lilikwenda mita thelathini na kusimama mahali lilipoambiwa lisimame.

Sasa imebaki breki kukaguliwa, bima, na ukaguzi wa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Tulipomwuliza Mama anataka safari ya kwanza iwe ya wapi, tukidhani atasema soko la Daraja Mbili, alijibu Nakuru, kupitia Kericho. Kumbe katika miaka yote ile hajawahi kuipita barabara hiyo ndani ya lori hilo. Baba amekubali, ila kwa mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, na hawatasafiri usiku. Wanachongoja ni tairi za nyuma, nne pamoja na moja ya akiba, ambazo mwenye duka mjini Kisii ameahidi kuwauzia kwa malipo ya kidogo kidogo.