Sakafu ya Kung'aa na Mama Mkwe Wangu



Kijana mmoja wa kanisa letu, mchimbaji wa dhahabu upande wa Misisi, alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa picha ya karo jeusi, linang'aa mpaka taa ya duka inaonekana ndani yake sawa katika kioo. Chini aliandika: «Pasta, nimepata kidogo. Nataka kutia haya katika nyumba ya mama hapo Uvira, chumba chote na baraza pia. Unasema nini?»

Nilikaa siku mbili bila kumjibu. Si kwamba nilikosa neno la kusema. Niliona haya, kwa sababu jibu langu liko chini ya miguu yangu mwenyewe, na bei yake ililipwa kwa mfupa wa mtu mwingine. Kiisha nikamwandikia, tena kwa urefu. Na kwa kuwa najua hayuko peke yake, maana wengi wenu huko Misisi, Kamituga na Lugushwa mkipata pesa mnafikiri kwanza mabati na pili makaro, nakuandikia wewe pia.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2018. Nyumba ya mchungaji, isiyo mbali na mto Mulongwe, ilikuwa na sakafu ya simenti iliyopasuka. Ukifagia asubuhi, jioni mavumbi yamerudi. Wamama wa kanisa walichanga, vijana wa machimbo wakaongeza, na siku moja shemasi alinipa bahasha akasema, «Pasta, hii ni ya makaro. Usiipeleke pengine.» Nilifurahi kama mtoto. Mama Mchungaji naye alifurahi, lakini yeye aliuliza swali moja ambalo mimi sikuuliza: «Tutachagua namna gani?»

Kwa kweli nilichagua kwa macho. Katika duka kulikuwa aina nyingi, na mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye yale meupe yenye kung'aa kupita yote, ya sentimita 60 kwa 60. Niliona nyumba ya mkubwa mmoja kule Bujumbura yenye makaro ya namna ile, na nilitaka wageni waingie kwangu waseme «ee!» Ndiyo, mchungaji pia ana moyo wa namna hiyo, usishangae.

Katika miezi ya kwanza tulipata hiyo «ee!» tuliyoitaka. Kiisha mvua zikaanza. Siku moja ya Novemba mama mkwe wangu alitoka Makobola kututembelea. Mvua ilikuwa imemlowesha. Alivua viatu mlangoni kwa heshima, akaingia na nyayo zenye maji, hatua mbili, ya tatu akaanguka. Aliweka mkono chini ili ajizuie, na mkono ukavunjika karibu na kifundo. Tulipokuwa tukimwinua hakulia, alinitazama tu akasema kwa upole: «Baba, nyumba yenu inateleza kama kambale.» Plasta ilikaa juu ya mkono ule wiki 6. Mwanamke anayelima kwa mikono yake, na ulikuwa wakati wa kupalilia.

Tangu siku ile nilianza kuuliza watu wenye kujua kazi hii. Niliuliza mafundi wawili wazee na mwenye duka mmoja mwaminifu, na nilisoma maandiko ya juu ya katoni, ambayo mbele sikuyatazama hata kidogo. Basi nikueleze nilichojifunza.

Karo linaloitwa porseleni (kwenye katoni utaona mara nyingi «grès cérame») linatengenezwa kwa udongo mweupe, mchanga na jiwe lililosagwa, linakandamizwa kwa nguvu nyingi sana, kiisha linachomwa katika tanuru yenye joto la karibu digri 1200. Kwa moto huo mwili wake unajifunga kabisa. Karo la kilo 6 halipaswi kunywa zaidi ya gramu 30 za maji, ni kusema nusu ya moja kwa mia. Lakini karo la kawaida la ukutani linaweza kunywa zaidi ya kumi kwa mia. Njia ya kutambua ni rahisi: geuza karo, tia tone la maji mgongoni, ngoja dakika chache. Maji yakiingia na kuacha alama nyeusi, hilo si porseleni, hata kama muuzaji ataapa. Yakibaki juu, ni dalili nzuri.

Juu ya mwili huo mara nyingi wanapaka ngozi nyembamba ya kioo, ndiyo inayobeba rangi na kung'aa. Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Tunasema porseleni ni ngumu, haikwaruzwi. Mwili ni mgumu, ndiyo, lakini unayekanyaga wewe ni ngozi. Na sisi wa pwani ya Tanganyika tunaishi juu ya mchanga! Chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo. Kila mtoto anayetoka ziwani anauleta kwa miguu, na mguu unausaga juu ya karo kama jiwe la kusagia. Karo jeusi lenye kung'aa linaonyesha mikwaruzo hiyo upesi kuliko yote, ndiyo sababu lile la picha ya kijana wetu lilinitia wasiwasi. Makaro yenye ngozi ya kioo yanapimwa kwa namba 1 mpaka 5, na namba hiyo huandikwa pamoja na herufi PEI. Chumba cha kulala, 3 yatosha. Sebule yenye mlango wa nje, tafuta 4. Kanisa au duka, mahali watu wengi wanapita, 5.

Lakini sikiliza vizuri: namba hiyo haisemi lolote juu ya kuteleza. Karo linaweza kuwa na 5 na likamwangusha mama mkwe wako. Kuteleza kunapimwa kwa alama nyingine, herufi R na namba toka 9 mpaka 13. Namba ikipanda, karo linashika mguu zaidi. Kwa jikoni na mlangoni usikubali chini ya R10, na kwa baraza inayonyeshewa mvua afadhali R11. Katoni isipokuwa na alama hiyo, omba maji kidogo dukani, mwaga juu ya karo, vua kiatu, simama juu yake. Watu watacheka. Waache wacheke. Mimi nilipotia makaro mara ya pili nilifanya hivyo mbele ya wateja wengine, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akavua viatu vyake naye.

Wazee wetu wa pwani ya bahari ya Hindi walijua kauri mbele yetu. Kule Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, walipachika mabakuli ya kauri ya China katika nguzo za makaburi. Nafikiri walikuwa na akili: waliiweka pa kutazamwa, si pa kukanyagwa na nyayo zenye maji.

Sasa juu ya kazi yenyewe. Hapa pia nina deni la kukiri.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilitoka katika njia yake. Watu wa Uvira hawahitaji kusimuliwa. Nyumba maelfu zilibomoka au kuharibika, na tulizika ndugu. Nyumba yetu ilisimama, lakini tope liliingia mpaka magotini. Tulipomaliza kulitoa, siku nyingi baadaye, niligonga sakafu kwa mpini wa mwiko. Tok, tok, halafu mahali pengine, bum, kama ngoma. Makaro 11 yaliinuka kwa mkono tu, bila patasi. Chini ya kila moja niliona kitu kilekile: mafungu matano ya simenti, manne pembeni na moja katikati, na kati yao tope jeusi. Mgongo wa karo ulikuwa safi kama siku lilipotoka katika katoni.

Fundi wa 2018 alikuwa kijana mwema, na simlaumu peke yake, maana mimi ndiye niliyemharakisha ili kazi iishe mbele ya mkutano wa wachungaji. Na alitumia simenti na maji tu, kwa sababu nilikataa kununua gundi. Niliona ni hasara. Sikuelewa kwamba simenti hushika karo la kawaida kwa kuwa karo lile linakunywa; maji yanabeba simenti mpaka ndani ya vitundu vyake. Porseleni hainywi. Kwa hiyo inahitaji ile gundi ya mfuko, unga wa simenti uliochanganywa na dawa ya kunata, unaokorogwa na maji. Fundi akikuambia uloweshe makaro ya porseleni ndani ya ndoo usiku mzima, ujue amezoea makaro ya zamani.

Gundi inapakwa sakafuni kwa mwiko wenye meno, mistari yote ikielekea upande mmoja. Kwa karo kubwa la 60, paka ngozi nyembamba mgongoni pia. Kiisha kandamiza, sukuma kidogo huku na huku, ili hewa itoke. Usione aibu kumwambia fundi ainue karo la kwanza mbele yako. Mgongo wote uwe umelowa gundi. Ukiona mafungu matano, msimamishe palepale, kwa sababu mguu wa kiti ukikaa juu ya mahali patupu, karo litapasuka siku moja, na hapo utalaumu kiwanda.

Sakafu ya chini iwe imekauka. Kama umemwaga simenti mpya, ngoja siku 28. Najua ni vigumu kwa mtu mwenye pesa mfukoni. Iwe sawa pia: weka nivo ndefu au ubao ulionyoka, tazama mwanga chini yake, jaza mabonde. Gundi si ya kujaza mashimo. Kiisha tafuta katikati ya chumba kwa kamba, panga makaro makavu bila gundi, utaona kama kipande cha mwisho karibu na mlango kitakuwa chembamba kama kidole. Afadhali kukiona siku ile kuliko kukikata baadaye. Kati ya karo na karo acha milimita 2 au 3, na pembeni ya ukuta acha karibu sentimita moja, plinti itapafunika. Makaro hupanuka na joto, na joto la Uvira unalijua. Yakikosa pa kwenda yatainuka katikati kama hema.

Juu ya hesabu, usimwachie muuzaji. Chumba cha mita 5 kwa 4 ni mita mraba 20. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, ni 22. Katoni ya makaro manne ya 60 ina mita mraba 1.44. Gawanya, unapata kidogo zaidi ya 15, basi nunua 16. Nunua zote siku moja, na tazama kwamba namba ya rangi na namba ya kipimo ni zilezile juu ya kila katoni, kwa maana tanuru moja haitoi rangi sawa mara mbili. Na ninyi mnaoyapeleka mbali kwa barabara ya taifa namba 5, katoni moja ina uzito wa karibu kilo 30. Zisimamishe kwa ubavu ndani ya gari, zifunge, msizilaze chali na kupakia magunia juu yake.

Kiangazi cha 2021 tulitoa sakafu yote. Makaro meupe yaliyopona tuliyakata na kuyatia ukutani jikoni, na pale yanapendeza kweli. Chini tulitia mengine, ya rangi ya udongo, hayang'ai, yana ukali kidogo ukipitisha kidole. Mgeni hasemi tena «ee!» anapoingia. Kazi ilidumu siku 6 badala ya 3, na gundi ilikula pesa kuliko nilivyopenda. Sehemu ya pesa hiyo ilitoka katika mshahara wangu, sikuthubutu kurudi kwa wamama wa kanisa kuomba mara ya pili kwa kosa langu.

Kijana wa Misisi alinijibu. Alisema rafiki zake wote wametia yale meusi. Kiisha, baada ya saa moja, akaandika tena: «Pasta, mama ana miaka 67. Ile alama ya R inaandikwa upande gani wa katoni?»

Mama mkwe wangu alirudi kwetu mwezi wa Oktoba 2021, na siku hiyo pia mvua ilinyesha. Alisimama mlangoni, akavua viatu, akanyosha mguu mmoja ndani, akasugua karo kwa kidole kikubwa cha mguu, huku ameshika ukuta kwa mkono ule uliovunjika. Alisugua mara ya pili. Kiisha akauachilia ukuta, akaingia, akauliza kama ugali uko tayari.